Mtihani wa Mtandaoni: Swali Ndilo Msimamizi

Mwalimu anayehamishia mtihani mtandaoni kwa mara ya kwanza huwa na swali moja kubwa: nitawazuiaje wasiibiane majibu? Kufundisha takwimu za awali kwa njia ya mtandao kumenielekeza kwingine. Saa mbili ukizitumia kutunga swali zinalipa kuliko saa kumi za kupanga ulinzi. Mwanafunzi anayefanyia jaribio nyumbani ana daftari mezani, ana kikundi cha WhatsApp cha darasa, ana simu ya ndugu yake pembeni, na tangu Novemba 2022 ana ChatGPT. Chukulia kwamba vyote hivyo vimo chumbani, kisha ndipo utunge.

Kabla swali halijaingia kwenye mfumo, lipime hivi: likipigwa picha na kurushwa kikundini, yule wa mwisho kulifanya atapata nini? "Fafanua tofauti kati ya wastani na mediani" (namba ya katikati zikishapangwa kwa ukubwa) lina jibu lile lile kwa dunia nzima, kwa hiyo atapata kila kitu. Lisome hili badala yake:

"Dereva wa bodaboda aliandika mapato yake ya siku saba kwa shilingi: 20,000, 18,000, 150,000, 26,000, 20,000, 24,000 na 22,000. Siku ile ya tatu alikodiwa kupeleka watu harusini wilaya ya jirani. Kikundi cha kukopeshana kinataka kumpangia rejesho la kila siku. Kitumie wastani au mediani? Onyesha namba zote mbili, kisha ueleze kitakachompata dereva kikundi kikichagua vibaya."

Jumla ni 280,000, wastani ni 40,000, mediani ni 22,000. Namba hizo zinanakilika, ndiyo maana nazipa alama 1 kila moja. Uchaguzi nao ni alama 1. Sababu ndiyo inabeba alama 3. Anayeandika kwamba mediani ni bora kwa kuwa haiyumbishwi na namba kubwa amekariri sentensi ya darasani, anapata 1 kati ya hizo 3. Anayeona kwamba siku sita kati ya saba dereva huyu hafikishi hata 27,000, na kwamba rejesho lililokadiriwa kwa mtu wa 40,000 litamwingiza kwenye deni ndani ya wiki ile ile, huyo ameelewa na anapewa zote. Mwongozo wa usahihishaji uandikwe siku ile ile unayotunga swali. Ukisubiri majibu yaje, utajikuta unasahihisha kwa kulinganisha mtu na mtu.

Kwa kazi za wiki nzima, acha kugawa data, waikusanye wenyewe. Kazi ninayoiamini sana ni ya fungu la nyanya. Kila mwanafunzi anakwenda sokoni kwao, kwa wauzaji 10, na kuhesabu fungu la shilingi 1,000 lina nyanya ngapi. Inaonekana nyepesi mpaka mtu akutane na muuzaji anayeuza kwa sado (kopo la kupimia) tu, au mwenye mafungu mawili ya bei moja, moja la nyanya ngumu na jingine la zilizoiva sana. Hapo mwanafunzi lazima aamue anarekodi nini, na uamuzi huo ndio takwimu zenyewe. Atakachowasilisha ni jedwali, picha ya ukurasa wa daftari wenye tarehe, na aya moja inayojibu: muuzaji yupi alikuwa mgumu kumrekodi, nawe ulifanyaje? Data ya kubuni hujiumbua kwenye aya hiyo. Namba zake zimekaa vizuri mno, hakuna muuzaji aliyekataa kuhesabiwa, hakuna fungu lililoongezwa nyanya moja ya zawadi.

Kuhusu mgawanyo wa alama nisiseme mengi. Vyuo vingi vya Tanzania huweka 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Ile 40 ukiiweka kwenye majaribio mawili makubwa ya mtandaoni, umelipandisha bei jibu la kununua. Igawe: 10 kwa majaribio mafupi ya kila wiki, 15 kwa kazi ya data yake mwenyewe, 5 kwa maelezo ya mdomo, 10 kwa jaribio moja la muda maalumu. Jedwali la utahini, linalopanga maswali kwa mada na kwa ngazi ya fikra, litengenezwe kama kawaida, ila safu ya kukumbuka iwe nyembamba, kwa sababu kukumbuka mtandaoni hakupimiki.

Majaribio mafupi ndiyo yanayohitaji hazina ya maswali. Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni ambao Martin Dougiamas aliutoa mwaka 2002 na ambao hauna ada ya leseni, unaweza kumchotea kila mwanafunzi karatasi yake kutoka kwenye hazina hiyo. Hesabu ya ukubwa wake ni rahisi. Jaribio la maswali 10 likichotwa kwenye maswali 30, wanafunzi wawili hukutana kwa wastani kwenye maswali 3 hivi. Likichotwa kwenye 20, wanakutana kwenye 5. Kwenye hazina ya 12 wanakutana kwenye 8, yaani hujafanya kitu. Lakini usichote ovyo kutoka kapu moja, maana mmoja ataangukiwa na maswali magumu matupu na mwenzake atateleza tu. Tenga makundi: mepesi 12, ya kati 12, magumu 6, kisha mfumo uchote 4, 4 na 2. Kila karatasi itakuwa na uzito uleule.

Ukiruhusu mfumo uchanganye mpangilio wa machaguo, pitia maswali ya zamani kwanza. Chaguo la "yote ya hapo juu" likitokea namba moja halina maana, na "A na C ni sahihi" linakuwa uongo mara tu herufi zinapohama. Makosa haya yanaletwa na maswali yaliyohamishwa kutoka kwenye karatasi bila kusomwa upya, na mwanafunzi ndiye anayeyalipia.

Machaguo manne si lazima. Mwaka 2005 mtafiti Michael Rodriguez alijumlisha tafiti za miaka 80 na kufikia kwamba matatu yanatosha, kwa sababu la nne mara nyingi halichaguliwi na mtu. Kinachohitajika ni vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi, vinavyotokana na makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli. Tumrudie dereva wetu. Swali likiwa "mediani ni ipi?", weka 22,000, 40,000 na 26,000. Aliyechagua 40,000 amechanganya mediani na wastani. Aliyechagua 26,000 amechukua namba iliyoketi katikati kabla ya kuzipanga. Ukiliacha chaguo la 20,000 lije, halitakwambia kama mtu ameshika namba inayojirudia au amekosea kuhesabu tu. Kila chaguo lisilo sahihi liwe na mrejesho wake ndani ya mfumo. Kwa 26,000 andika: "Umechukua namba ya nne kabla ya kuzipanga. Zipange kuanzia ndogo, kisha uhesabu tena." Unaiandika mara moja, inawafikia watu 300, kila mmoja dakika ileile alipokosea. Katika ufundishaji wa mtandaoni sijaona dakika za mwalimu zinazozaa kuliko hizi.

Maswali ya kujaza namba yana mtego wake. Mwanafunzi anaandika 40,000 kwa mkato, au "40,000/=", au "TSh 40000". Moodle inaweza kuusoma mkato mmoja kama nukta ya desimali, na 40,000 ikawa 40. Amepata jibu, amekoseshwa na mashine. Andika ndani ya swali lenyewe: "Andika tarakimu tupu, bila mkato wala shilingi, mfano 35000." Weka pia nafasi ya makosa ya ukadiriaji. Kama jibu ni 12.67, pokea kuanzia 12.6 hadi 12.7, la sivyo utamwadhibu aliyekadiria mapema. Kisha lifanye jaribio zima wewe mwenyewe, kwa simu ndogo, kwa data ya simu, ukiwa umeingia kama mwanafunzi. Jedwali lililokaa vizuri kwenye kompyuta ya ofisini huenda nusu yake haionekani kwenye simu, na picha ya grafu yenye MB 3 inakula kifurushi cha mtu.

Muda ni eneo ambalo upole na ukali hukosewa vyote. Wapo wanaoweka sekunde 40 kwa swali ili mtu asipate nafasi ya kutafuta jibu. Matokeo yake ni kipimo cha kasi ya mtandao na ukubwa wa kioo cha simu. Mwanafunzi wa Mpwapwa anayesubiri ukurasa ufunguke hafanyi mtihani mmoja na wa Mikocheni mwenye waya wa intaneti ukutani. Mpangilio unaofaa ni dirisha la saa 24 hadi 48 ambalo mwanafunzi anaingia apendapo, na ndani yake muda wa kufanya ambao ni mara moja na nusu ya muda wa kawaida: jaribio la dakika 30 lipewe 45. Dirisha refu linakuondolea pia ule msongamano wa wote kuingia saa tatu kamili asubuhi na seva kuzimia.

Kila swali likae kwenye ukurasa wake, ili mtandao ukikatika kinachopotea kiwe swali moja. Kwa mpangilio wake wa kawaida Moodle huhifadhi majibu kila baada ya dakika moja hivi, lakini saa ya jaribio inaendelea kutembea hata umeme ukikatika, kwa kuwa inahesabiwa kwenye seva na simu haina mamlaka nayo. Hapa kuna mpangilio mmoja wa kukagua mara mbili: muda ukiisha, mfumo uwasilishe wenyewe kilichokwisha jibiwa. Chaguo jingine lililopo palepale huyatupa majibu yote ya mtu ambaye hakubofya kuwasilisha kwa wakati, na mwalimu huja kulijua hilo anapoona sifuri kwa mwanafunzi aliyefanya vizuri muhula mzima. Ujumbe wa "Shikamoo mwalimu, umeme umekatika nikiwa swali la 14" utakuja tu. Uwe na utaratibu uliotangazwa tangu wiki ya kwanza: atume picha ya skrini au maelezo ndani ya saa 24, nawe umfungulie yeye peke yake jaribio jipya lenye maswali mengine kutoka hazina ileile. Mfumo unaruhusu kumbadilishia muda mtu mmoja bila kuwagusa wengine, na njia hiyohiyo ndiyo ya kumwongezea muda mwanafunzi mwenye uoni hafifu.

Saa ya mwisho ya kukusanya isiwe usiku wa manane. "Ijumaa saa sita usiku" wapo watakaoielewa kuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na wapo watakaoielewa kuwa wa kuamkia Jumamosi. Mfumo ukiandika 12:00 AM, wengine watasoma saa sita mchana. Wote wana haki ya kuelewa walivyoelewa. Weka saa 12 jioni, na tangazo liseme: "Ijumaa, saa 12 jioni, kwenye mfumo itaonekana 18:00 au 6:00 PM." Muda huo wewe bado uko macho, na mtu wa kitengo cha TEHAMA bado anapokea simu.

Kazi za kuandikwa kwa mkono zinapigwa picha, na picha 12 za simu, MB 4 kila moja, ni MB 48. Ukomo wa mfumo ukiwa MB 20, kazi haipandi, na kifurushi kimeshakatwa. Wafundishe mapema, wiki ya pili na si siku ya mtihani, kutumia programu ya kuskani iliyomo kwenye simu: inapunguza ukubwa na kuunganisha kurasa kuwa PDF moja. Faili liitwe kwa namba ya usajili. Fanya jaribio la kupandisha faili lisilo na alama, ili matatizo yote yajitokeze pasipo mtu kupoteza kitu.

Sasa akili unde. Programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine zisitumike kama ushahidi dhidi ya mwanafunzi, na ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wanaoumizwa ni wanafunzi wetu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Sababu yake inaeleweka: programu hizi huangalia jinsi maneno yanavyotabirika, na anayeandika kwa lugha aliyojifunzia shuleni hutumia maneno machache na sentensi za kawaida. Julai 2023 OpenAI, watengenezaji wenyewe wa ChatGPT, waliiondoa programu yao ya utambuzi kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Asilimia ya kufanana inayotolewa na Turnitin, programu ya kutafuta maandishi yaliyonakiliwa, nayo si hukumu. Inaonyesha maneno yanayolingana na maandishi mengine, ikiwemo orodha ya marejeo na maswali uliyoyaandika wewe. Isome ripoti yenyewe kabla hujamwita mtu.

Kamera ya kumchunguza mwanafunzi akiwa chumbani kwake siipendekezi. Inadai mtandao ambao wengi hawana, inarekodi nyumba ya watu ambao hawakuomba kurekodiwa, na huweka chuo chini ya masharti ya sheria za taarifa binafsi: Kenya inayo tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Kivinjari kinachomfungia mwanafunzi asifungue kitu kingine nacho hakiioni simu ya pili. Mtihani wa mwisho ukihitaji ulinzi wa kweli, ufanyike ana kwa ana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoani ambako wanafunzi wake wa masafa hufanyia mitihani, na mpango huo bado una akili.

Kinachonipa uhakika kuliko yote ni mazungumzo ya dakika 5 juu ya kazi iliyokwisha wasilishwa, kwa simu ya kawaida ya sauti. Darasa la watu 60 linachukua saa 5. La 300 linachukua saa 25, ambazo huna, kwa hiyo chagua mmoja kati ya watano kwa bahati nasibu, na tangaza tangu mwanzo kwamba yeyote anaweza kuitwa. Wasioitwa wajibu maswali yaleyale kwa ujumbe wa sauti wa dakika 2, wapate nao alama zao 5 za maelezo ya mdomo. Maswali mawili yanatosha. La kwanza: namba hii ya jedwali la pili uliipataje? La pili lipindishe kazi kidogo: muuzaji wa sado ukimtoa, wastani wako utapanda au utashuka, na kwa nini? Aliyefanya kazi mwenyewe anaweza kubabaika, akakaa kimya, kisha akajibu. Mpe muda huo wa kimya. Wengi wana woga wa kuongea na mwalimu, na woga tusiuhesabu kuwa udanganyifu. Kwa mazungumzo haya, ruhusu Kiswahili hata kama kozi inafundishwa kwa Kiingereza, maana unachopima ni takwimu.

Mrejesho wa kazi za kuandika una adui mmoja, naye ni neno "fafanua zaidi". Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo anaongeza aya. Linganisha na huu: "Umesema bei 'zinatofautiana sana', lakini hukutoa kipimo. Kokotoa mkengeuko sanifu wa wauzaji wako 10, uuweke kwenye sentensi hiyohiyo, kisha useme kama bado ni 'sana'." Una mahali, una upungufu, una hatua ya kuchukua. Maoni 15 ya namna hii, yaliyohifadhiwa kwenye faili na kurekebishwa kidogo kwa kila mtu, yatatosha sehemu kubwa ya kazi za darasa. Yarudishwe ndani ya siku 7 na kabla kazi inayofuata haijafunguliwa. Yakija baada ya hapo, mwanafunzi anaangalia alama tu.

Kwa upande wa majaribio ya mfumo, angalia mwanafunzi anaonyeshwa nini na lini. Alama yake aione papo hapo, majibu sahihi yafunguke dirisha likishafungwa. Ukiyaacha yaonekane mapema, wa kwanza kumaliza ndiye atakayewasahihishia wenzake. Majaribio ya mazoezi ni habari nyingine kabisa: hayo yape nafasi nyingi za kujibu kila swali, mrejesho wa papo hapo, na adhabu ndogo kwa kila kukosea. Kwa kawaida Moodle hukata theluthi moja ya alama za swali kwa kila jibu lililokosewa, na kwa zoezi unaweza kuifanya sifuri.

Baada ya kila jaribio, fungua ripoti ya takwimu za maswali kabla ya kutangaza alama. Mambo mawili yatazamwe. Kwanza, ni sehemu gani ya wanafunzi walipata swali. Chini ya robo ni dalili kwamba mada haikufundishwa vizuri au swali halisomeki. Pili, je, wanaofanya vizuri kwa jumla ndio waliolipata? Kwa mkono unaweza kufuata kanuni ya mwanatakwimu Truman Kelley ya mwaka 1939: chukua asilimia 27 ya juu na 27 ya chini. Tuseme wanafunzi ni 100. Kati ya 27 wa juu, 9 wamepata. Kati ya 27 wa chini, 18 wamepata. Toa 18 kwenye 9, gawanya kwa 27, unapata -0.33. Namba hasi maana yake swali linawaangusha wanaojua. Mara nyingi ni ufunguo wa majibu umewekwa kimakosa. Kama si huo, chaguo mbili zinaweza kutetewa na wale hodari wameliona hilo kabla yako. Swali lililochotwa kwa wanafunzi 8 tu lisihukumiwe, limbikiza mihula miwili kwanza. Lenye ufunguo uliokosewa, rekebisha na uuambie mfumo usahihishe upya wote. Lenye majibu mawili, wape alama wote waliochagua lolote kati ya hayo, waandikie wanafunzi kilichotokea, kisha liondoe kwenye hazina.